Viti vya Arlys na Pikipiki Zenye Uso Mpya

Saa mbili kasorobo asubuhi. Arlys Tollefson amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya karakana yake, anakaza bolti ya mwisho ya kiti alichomaliza kukishona jana. Pikipiki ni ya Merle Skaar, nyeusi, ya safari ndefu, yenye ngao pana ya upepo iliyokaa kama popo aliyetandaza mabawa. Mlango mkubwa uko wazi. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la wakala wa pikipiki, lori refu linarudi nyuma taratibu.

"Gordy, tayari," anaita.

Mumewe ameingia ndani kuvaa buti. Kila kiti kinachotoka hapa, yeye ndiye hukikalia kwanza, hadi daraja la Pruett na kurudi, maili tisini na nne, kabla mwenye pikipiki hajakigusa. Arlys anafuta mikono, anangoja. Anaangalia wanaume watatu wakishusha pikipiki ya kwanza kutoka kwenye lori. Umbo lake si lile analolijua. Ngao ya mbele imenyooshwa, taa imefichwa ndani yake, mabawa ya popo hayapo.

Anaita tena. Halafu anaingia.

Gordy, miaka sitini na sita, alikuwa amekaa kwenye benchi la mlango wa nyuma, ameegemea makoti, buti moja mguuni na la pili mkononi. Daktari alisema moyo ulisimama kabla hajapata nafasi ya kuliachia.

Hiyo ilikuwa Mei, miaka miwili iliyopita. Watu wa Norling, mji mdogo wa Wisconsin kando ya mto Mississippi, wanaikumbuka siku hiyo kwa mambo mawili, na Arlys hawalaumu. Ndiyo siku aliyokufa Gordy, na ndiyo siku zilipofika zile pikipiki.

"Merle alikuja saa nne kuchukua kiti chake," anasema Arlys. "Akakuta gari la wagonjwa. Hakuuliza kiti. Aliosha vikombe vilivyokuwa jikoni, vyote, hata vilivyokuwa safi."

Siku ya mazishi waendesha pikipiki walikwenda wawili wawili, bega kwa bega, kama kawaida, pikipiki sitini na moja kutoka kanisani hadi makaburini. Merle aliongoza, na nafasi iliyo kando yake iliachwa wazi njia nzima, kama inavyoachwa kila anapopungua mmoja. Arlys alikuwa kwenye gari la dada yake. Anakumbuka aliitazama ile lami tupu iliyo kando ya Merle akawaza jambo la kijinga: kwamba Gordy angependa kujua kile kiti kinakaa vipi, maana kilitoka bila kupimwa mara ya mwisho.

*

Arlys ana miaka sitini na mitatu. Alianza kushona akiwa na miaka kumi na tisa, mito ya boti, katika kiwanda ambacho sasa ni ghala la chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa theluji. Gordy alikuwa mtu wa ghala la nafaka pale mtoni, akipakia mahindi na soya kwenye mashua za mizigo. Walioana mwaka 1984. Miaka sita baadaye alimshonea mumewe kiti cha pikipiki kwa sababu alichoka kumsikia akilalamika. Jirani akakiona, akataka chake. Rafiki wa jirani akataka.

Njia yake ya kupima haijabadilika. Mteja hukalishwa juu ya gunia la mahindi makavu, lililofungwa si kwa kukazwa sana, na huambiwa atulie kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Akiinuka, alama yake imebaki. Arlys huipima kwa vidole na rula, huandika, kisha hukata sponji kwa kisu cha umeme, kile ambacho nyumba nyingine hukatia bata mzinga wa sikukuu.

"Sponji nzuri haikubali kisu cha mkono," anasema. "Na bata mzinga tunakula kwa dada yangu, kwa hiyo kisu hakina kazi nyingine."

Baada ya sponji ndipo ilipoingia kazi ya Gordy. Alikiweka kiti kwenye pikipiki kabla hakijavikwa ngozi, akaweka chaki ya fundi nguo mfukoni, akaenda Pruett. Akirudi, sponji ilikuwa na alama nyeupe kila palipouma. Arlys alipunguza hapo. Kesho yake akaenda tena, na mara ya mwisho kiti kikiwa kimeshonwa ngozi.

"Alikuwa na msemo wake kwa wateja," anasema Arlys. "Kikiuma kabla ya Pruett, kosa la mke wangu. Kikiuma baada ya Pruett, umezeeka, rudi nyumbani."

Miaka ile mizuri walitoa viti mia moja na arobaini kwa mwaka. Watu walikuja kutoka Iowa na Minnesota. Wengine walilala kwenye hema nyuma ya karakana wakingoja, na Arlys aliwapa chapati za viazi zenye siagi na sukari asubuhi. Mwaka uliofuata kifo cha Gordy alitoa viti hamsini na viwili.

Sababu haikuwa wateja kupungua. Sababu ilikuwa zile pikipiki mpya.

*

Kila Jumamosi waendesha pikipiki wa Norling hunywa kahawa kwenye mkahawa wa Bev, meza ya dirishani, wakiangalia pikipiki zao zilizopangwa nje. Hapo ndipo kesi ya mtindo mpya inaposikilizwa, na haijawahi kuamuliwa.

Upande wa wanaopinga anaongoza Merle, miaka sabini na minane, aliyeendesha lori la maziwa maisha yake yote. Upande wa pili yuko Renae Pulaski, miaka arobaini na tisa, muuguzi katika nyumba ya wazee, aliyeuza pikipiki yake ya zamani akanunua mpya mwezi ule ule zilipofika.

"Wameuchukua uso wa popo wakaupiga pasi," anasema Merle. "Ukiutazama kwa mbele ni kama mtu aliyeshtushwa bafuni."

"Afadhali aliyeshtuka kuliko aliyelala," anajibu Renae. "Yako inawaka kwa maombi."

"Inawaka."

"Jana ulisukumwa na mchungaji, Merle. Mji mzima umeona."

"Ile ilikuwa betri. Betri si pikipiki."

Merle ana orodha ndefu. Mishale minne ya zamani, ya mwendo, mafuta, joto na umeme, alikuwa anaisoma bila kuitazama, kama mtu anavyojua saa ya ukutani kwake. Sasa kuna skrini kubwa kama sinia. "Nimejaribu ya Renae. Ikaniuliza kama nimechoka. Nina miaka sabini na minane, ilitaka nijibu nini?"

"Ungeijibu tu ukweli ikazimika kwa huruma," anasema Renae. "Mimi naenda kwa dada yangu Michigan, maili mia nne, nashuka nikiwa binadamu. Zamani upepo ulikuwa unanipiga kichwa kama mtu anakung'uta zulia. Na lile joto la injini mwezi wa saba. Mapaja yalikuwa yanaiva."

"Oktoba ulikuwa unalishukuru."

"Oktoba ni mwezi mmoja, mzee wangu."

Wapo wa katikati. Wanapenda breki mpya, wanapenda wepesi wake kwenye kona za barabara ya mtoni, lakini wakiwa peke yao wanakiri kwamba wakipita kwenye kioo cha duka hawajitambui. Mmoja alinunua mpya na hajauza ya zamani. Anasema anaiwasha Jumapili na kukaa karibu nayo.

Jambo moja tu linawaunganisha. Kiti kinachotoka kiwandani na mtindo mpya ni chembamba na kigumu, na baada ya saa moja ni kama kukalia benchi la kanisani. Kwa hiyo kwa karibu miaka miwili walimfuata Arlys, na kwa karibu miaka miwili Arlys aliwakatalia.

"Nilikuwa nawaambia sina kipimo cha ile," anasema. "Ulikuwa uongo. Kipimo ni gunia la mahindi. Nilichokuwa sina ni mtu wa kwenda Pruett."

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo anachelewa kulisema. Katika pikipiki ya zamani ya Gordy, nyuma, kulikuwa na sanduku la mizigo lenye egemeo la abiria. Pale ndipo Arlys alipokaa kwa miaka thelathini, hadi Milima Myeusi ya Dakota na kurudi, kila Agosti. Nyingi kati ya zile mpya zilizoshushwa siku ile hazikuwa na sanduku wala egemeo. Nyuma ya dereva kulikuwa na kipande cha sponji kisichozidi upana wa mkate.

"Nilisimama pale mlangoni nikawaza, hawa watu wameninyima mahali pa kukaa. Halafu nikaingia ndani nikamkuta. Sasa nieleze vipi kwamba hasira zangu na zile pikipiki si za haki? Najua si za haki."

*

Desemba iliyopita, mto umeshaanza kushika barafu, Renae aliingia karakanani akiwa amebeba kiti cha kiwandani chini ya kwapa.

"Nimekuletea adui," alisema. "Kivue nguo."

"Renae, nilishakwambia."

"Umeniambia mara nne. Wazee wangu kule kazini huniambia hawali uji, na wanakula. Gunia liko wapi?"

Alikaa juu ya mahindi bila kukaribishwa. Arlys akamwekea kahawa, kwa sababu ndivyo inavyofanyika, na kazi ikawa imeanza. Alitumia kigezo chake cha karatasi ngumu, kile kile ambacho kwa miaka mingi alikitumia kama msingi wa kila kiti kabla ya kuongeza vipimo vya mteja. Kiti kikaisha Januari. Hakikupimwa barabarani. Kulikuwa na theluji, alijiambia.

Machi barabara zilipokauka, Renae alikwenda Michigan. Aliporudi alisimama mlangoni akiwa bado ameshika kofia yake ngumu.

"Sitaki kukuudhi, Arlys."

"Basi usiniudhi."

"Kinaniinamisha kushoto. Nilipofika nusu ya njia, nyonga ya kulia ilikuwa inalia."

Arlys anasema aliudhika kweli. Katika miaka zaidi ya thelathini hakuna aliyewahi kumrudishia kiti. Alimwambia Renae kwamba labda mgongo wake ndio umepinda kwa kuinua wagonjwa. Renae alikivua kiti, akakiweka mezani, akaenda zake.

Jioni ile Arlys alikwenda kuchukua pimamaji ya Gordy, ile ndogo ya seremala, akailaza juu ya kiti. Kiputo cha hewa kilikimbilia upande mmoja. Akaigeuza pimamaji, labda mbovu. Kiputo kikarudi kule kule.

Ukutani kulikuwa na viti vitano vya wateja, vya pikipiki za zamani, vimeletwa kubadilishwa ngozi wakati wa baridi. Alivishusha kimoja kimoja. Vyote vitano vilikuwa chini kidogo upande wa kushoto, kwa unene wa kidole kidogo. Mwisho alilaza ile karatasi ya kigezo, akaikunja katikati. Nusu mbili hazikulingana.

Alikaa chini. Ilimchukua muda mfupi tu kuelewa.

Februari ya mwaka 1991 Gordy aliteleza kwenye barafu pale ghalani akavunja nyonga ya kushoto. Ilipona vibaya. Hakuisema sana, lakini kila alipotoka Pruett, alama za chaki zilikuwa nyingi zaidi kushoto, na Arlys alipunguza palipokuwa na chaki. Akapunguza kiti hadi kiti, mwaka hadi mwaka, mpaka upungufu ule ukaingia kwenye kigezo chenyewe, na tangu hapo hakuhitaji tena chaki kuufanya. Sponji nene ya viti vya zamani iliuficha. Kiti kipya, chembamba juu ya plastiki ngumu, hakifichi kitu.

"Nilikuwa namshonea mume wangu," anasema Arlys. "Kila aliyekuja, nilimkalisha mahali pa Gordy."

*

Kesho yake alimwita Merle. Alitaka kumwomba radhi, maana Merle ana viti vyake vitatu. Merle alimsikiliza hadi mwisho, akijikuna kidevu.

"Tulijua," alisema.

"Mlijua nini?"

"Kwamba vinaegemea. Tangu mwaka wa tisini na tano hivi. Tulidhani ndivyo unavyotaka."

"Na hamkusema?"

"Nani aje akwambie wewe? Mtu anazoea. Mimi siku hizi hata kanisani naegemea kushoto. Mke wangu alidhani nimepata kiharusi."

Arlys alicheka, na anasema ilikuwa mara ya kwanza karakana ile kusikia kicheko chake tangu ile Mei. Halafu Merle akaacha kucheka, akaweka kiganja juu ya kiti chake, kimoja kati ya vile vitano, kilichokuwa mezani.

"Hiki usikiguse lakini," alisema. "Vibadilishe vya wengine."

Kiti cha Renae kilikaa mezani siku tisa. Arlys alifanya kazi nyingine zote akikizunguka. Kukinyoosha ilikuwa kazi ya saa mbili: kuongeza kipande cha sponji, kugundisha, kulainisha. Lakini kama angekinyoosha, ilikuwa lazima akate kigezo kipya, na kigezo kipya kisingekuwa na Gordy ndani yake hata kidogo. Asingekinyoosha, angekuwa anamuuzia Renae nyonga ya mtu mwingine.

Wengine walipita kutoa maoni yao, kwa kuwa habari ilishafika kwa Bev. Mmoja alishauri aviache vyote vilivyo na kuviita mtindo maalumu. Dada yake alimwambia Gordy mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema kata.

"Hilo nalo lilinikera," anasema Arlys. "Watu wanapenda kukwambia marehemu angesema nini. Gordy angesema, kahawa iko wapi."

Siku ya kumi alichukua karatasi ngumu mpya, akaikunja katikati, akaikata ikiwa imekunjwa ili pande mbili zisiweze kudanganyana. Kisha akampigia Renae.

"Kiti chako kimenyooka. Lakini hakijapimwa."

"Nani ataenda nacho?"

"Mimi," alisema Arlys. Leseni yake ya pikipiki ni ya mwaka 1983, na ameilipia kila inapokwisha bila kujua kwa nini. Kushika usukani barabarani, hakuwahi tangu alipoolewa. "Nilikuwa mtu wa nyuma," anasema. "Nilipapenda nyuma. Watu huwa hawaamini."

Alirudia mafunzo kwa siku mbili kwenye uwanja wa kuegesha magari wa chuo, akizunguka vibao vya rangi ya machungwa pamoja na vijana waliomwita bibi. Wiki ya mwisho ya Aprili Renae alimletea pikipiki yake, ile yenye uso uliopigwa pasi, akampa ufunguo na maelezo mafupi.

"Ikikuuliza kama umechoka, usibishane nayo."

Arlys aliondoka saa tatu asubuhi akiwa na chaki mfukoni. Mtoni kulikuwa na bata wa mwituni waliokuwa wanarudi kutoka kusini. Waendesha pikipiki wawili walikuja mbele yake, wakateremsha mkono, vidole viwili kuelekea lami, kama wanavyosalimiana wote. Alichelewa kujibu kwa sababu kwa miaka yote ile aliyejibu alikuwa Gordy.

Alikuwa amejiandaa kuichukia ile pikipiki. Anasema breki zake ni nzuri, na kwenye kona inainama kabla hujaiomba. Lakini kilichomshika ni kimya. Katika ile ya zamani, upepo ulivuma kichwani kwa namna ambayo yeye na mumewe hawakuweza kusemezana. Walikuwa na lugha ya kugongana pajani: mara moja, njaa, mara mbili, punguza mwendo, kiganja kilichotulia, hakuna neno, niko hapa. Nyuma ya ngao hii mpya aliweza kusikia pumzi yake mwenyewe kwa mwendo wa maili sitini kwa saa.

"Nikawaza, kumbe ingewezekana," anasema. "Maili zote zile, Dakota na kurudi, tungekuwa tunaongea. Nililia kidogo, na nikaikasirikia, na nikaipenda. Yote kabla ya Pruett. Sasa ukiniuliza mtindo mpya ni mzuri au mbaya, sijui nikujibu lipi."

Pale Pruett alisimama, akashuka, akakikagua kiti. Hakukuwa na pa kutia chaki ila mahali pamoja tu, mbele, palipombana paja. Alitia alama ya ukubwa wa ukucha. Kisha akageuza.

*

Renae amekwenda Michigan mara mbili tangu hapo na hajalalamika kitu ila bei ya mafuta. Habari zimeenea. Mezani kwa Arlys sasa kuna oda thelathini na moja; kumi na tisa kati yake ni za pikipiki mpya. Kwenye misumari miwili ukutani vimetundikwa vigezo viwili. Wenye pikipiki za zamani huulizwa wanataka kipi. Merle na wengine kumi na mmoja wamejibu kwamba wanataka kinachoegemea, na Arlys amewashonea hicho, bila kuwauliza sababu.

Mwaka huu anataka kwenda tena Milima Myeusi. Merle amesema atakwenda kama betri itakubali. Renae amesema betri haijawahi kuwa tatizo.

Siku za Alhamisi, kama hakuna mvua, karakana hufunguliwa saa saba mchana. Asubuhi fundi huwa barabarani.